Treni isiyo na dereva: amana imehama mikono, haikuondoka

Anayepanda treni huikabidhi roho yake kwa watu asiowaona. Hamjui dereva aliyeketi mbele, hamjui fundi aliyekagua breki usiku uliopita, wala hamjui mhandisi aliyechora mfumo wa ishara miaka mingi kabla ya safari hiyo. Hununua tiketi yake, akatafuta kiti, akamtegemea Mola wake, na safari ikaanza. Hiyo ni amana, na kila amana ina mtu wa kuulizwa.

Katika zama zetu swali la nani hasa aliyeishika amana hiyo limezidi kuwa gumu. Tangu mwaka 2024, wasafiri wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma wanapanda treni inayopata nguvu zake kutoka kwenye waya uliotandazwa juu ya njia. Ndugu zetu waliopita Dubai wameketi katika behewa la mbele, wakaitazama njia kupitia kioo, na pale walipotarajia kumkuta dereva hawakumwona mtu. Mahujaji nao, kuanzia Hija ya mwaka 2010, wamekuwa wakisafirishwa kwa treni ya umeme baina ya Arafa, Muzdalifa na Mina. Wengi hurudi na swali moja: mashine hii inajuaje pa kusimama, na ikikosea nani atajibu?

Tumeona ni vyema kuirejea historia ya jambo hili tangu mwanzo wake, kwani jibu la swali hilo halikuandikwa kwa wino wa wahandisi peke yao. Sehemu kubwa ya jibu imeandikwa kwa damu ya abiria.

Garimoshi lililopoteza moshi

Lugha yetu iliipa treni jina la garimoshi, na jina hilo lilisema kweli. Kwa miongo mingi hapakuwa na treni pasipo moshi, kwa sababu nguvu zote zilitoka katika tanuri la makaa au kuni lililochemsha maji yakawa mvuke. Tanuri hilo lilipaswa kusafiri pamoja na treni, pamoja na makaa yake, maji yake na mtu wa kulichochea.

Mnamo mwaka 1879, katika maonyesho ya biashara mjini Berlin, Werner von Siemens aliwaonyesha watu jambo jipya. Kichwa kidogo cha treni, kisichozidi kimo cha mtu aliyeketi juu yake, kilivuta vibehewa vitatu vya mabenchi katika njia ya mduara yenye urefu wa mita 300 hivi. Hakikuwa na tanuri wala moshi. Umeme ulizalishwa pembeni na mashine iliyosimama mahali pamoja, ukasafiri kwa reli ya tatu iliyolazwa katikati ya njia, ukaingia katika mota. Mwendo wake haukuzidi sana ule wa mtu anayetembea kwa haraka. Hata hivyo, katika miezi michache ya maonyesho, zaidi ya watu 80,000 walipanda ili wakawahadithie jamaa zao.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1881, kampuni ya Siemens ilifungua njia ya tramu ya umeme huko Lichterfelde, nje ya Berlin. Humo umeme ulipitishwa katika reli zenyewe za kukanyagwa na magurudumu, na farasi waliokanyaga reli mbili kwa pamoja wakapigwa na umeme. Funzo la kwanza likapatikana mapema: nguvu isiyoonekana kwa macho lazima iwekwe mahali ambapo mpita njia hataigusa. Ndiyo maana leo waya wa treni hupandishwa juu ya nguzo, au reli ya umeme hufunikwa na kuzungushiwa uzio.

Mji uliouhitaji umeme kuliko yote ulikuwa London. Huko treni za mvuke zilikuwa zikipita chini ya ardhi tangu mwaka 1863, na abiria wakivuta moshi wa makaa ndani ya mahandaki. Mwaka 1890 ikafunguliwa njia ya City and South London, ya kwanza duniani kupita kwenye handaki la kina kirefu kwa nguvu za umeme. Mabehewa yake yalikuwa na madirisha membamba mno, kwa hoja kwamba chini ya ardhi hakuna cha kutazamwa, na watu wakayafananisha na vyumba vya kufungia wendawazimu. Lakini hewa ilikuwa safi. Pasipo umeme, miji mikubwa ya leo isingekuwa na treni za chini ya ardhi kama tunavyozijua.

Mtoto wa miaka kumi aliyeendesha treni

Mtu aliyefungua mlango wa treni za kujiendesha hakuwa na nia hiyo. Aliitwa Frank Sprague, Mmarekani aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, kisha akafanya kazi kwa muda mfupi na Thomas Edison. Mwaka 1888 aliufanikisha mfumo mkubwa wa tramu za umeme katika mji wa Richmond, Virginia, wenye vilima vikali vilivyowachosha farasi. Katika miaka michache iliyofuata, miji mingi ya Marekani na Ulaya iliiga mfano huo, na farasi wa tramu wakapumzishwa.

Baada ya hapo Sprague akaingia katika kazi ya lifti za umeme. Kutokana na kazi hiyo likamjia wazo: ikiwa mota ya lifti inaweza kuamriwa na mtu aliye mbali nayo kwa waya mwembamba, kwa nini mota za mabehewa mengi zisiamriwe na mtu mmoja? Hadi wakati huo treni ilikuwa na kichwa kimoja chenye nguvu, nacho kikivuta mabehewa yasiyo na nguvu yoyote. Sprague aliziweka mota chini ya mabehewa yenyewe, kisha akapitisha waya wa amri kutoka la kwanza hadi la mwisho. Dereva aligusa mpini mdogo, umeme hafifu ukapita katika waya huo, na swichi kubwa zilizokuwa chini ya kila behewa zikafunguka na kufungwa kwa pamoja.

Mwezi Julai mwaka 1897, huko Schenectady katika jimbo la New York, alionyesha kazi yake kwa treni ya mabehewa sita. Aliyeshika mpini alikuwa mwanawe mwenye umri wa miaka kumi. Hakuna mtoto ambaye angeweza kukiendesha kichwa cha mvuke, chenye tanuri la moto na vyuma vinavyohitaji misuli ya mtu mzima. Hapa mtoto aligusa kipini tu na tani nyingi za chuma zikamtii.

Tunamwomba msomaji asimame kidogo mahali hapa, kwa kuwa hiki ndicho kiini cha habari yote. Siku ile mkono ulitengana na nguvu. Tangu hapo aliyetoa amri hakulazimika kuwa na nguvu, na baadaye ikaonekana kwamba hakulazimika hata kuwa ndani ya treni. Amri ikishakuwa umeme mdogo katika waya, haijali imetoka kwa baba, kwa mtoto, au kwa mashine nyingine. Treni isiyo na dereva ilizaliwa siku ile, ijapokuwa ilichukua zaidi ya miaka 80 kukua.

Moto wa Paris

Si kila mji uliuchukua utaratibu huo mara moja. Reli ya chini ya ardhi ya Paris ilifunguliwa mwaka 1900, na katika miaka yake ya mwanzo umeme mkali wa kuendeshea mota ulipitishwa kwa nyaya nene ndani ya mabehewa ya mbao. Tarehe 10 Agosti 1903 hitilafu ya umeme iliwasha moto katika treni mojawapo. Moshi ulijaza handaki, taa zikazimika, na katika stesheni ya Couronnes abiria walitapatapa gizani wasione mlango wa kutokea. Watu 84 walikufa, wengi kwa kukosa hewa. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walichelewa kutoka kwa kuwa walikuwa wakidai warudishiwe nauli zao.

Baada ya msiba huo Paris ilibadilika. Mfumo wa Sprague ukachukuliwa, ili umeme unaopita ndani ya treni kutoka behewa hadi behewa uwe ule hafifu wa amri tu. Mabehewa ya mbao yakaanza kuondolewa na kuletwa ya chuma. Taa za stesheni zikatengewa umeme wake, ili zisizimike pale umeme wa treni unapokatika, na milango ya kutokea ikawekewa alama zenye mwanga. Kila tuonapo leo kibao cha njia ya kutokea kinachowaka katika jengo la umma, tukumbuke kwamba yako makaburi nyuma ya kibao hicho.

Usipojua, simama

Mashine haiwezi kukabidhiwa roho za watu mpaka ijibiwe hoja moja: itafanya nini ikiharibika? Mwanadamu akichanganyikiwa anaweza kusita, kuuliza, au kuomba msaada. Chuma hakisiti. Jibu la wahandisi wa reli lilipatikana kabla ya zama za kompyuta, nalo lilitoka katika msiba.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watu, wengi wao watoto waliokuwa wakienda matembezi ya ufukweni, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaamua kuikata vipande viwili ili kichwa kivute nusu ya kwanza kisha kirudi kuchukua nusu ya pili. Breki za treni hiyo zilifanya kazi pale tu mabehewa yalipokuwa yameunganishwa na kichwa. Yalipotenganishwa, mabehewa kumi ya nyuma yakabaki yameshikwa na breki ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Hayakushikika. Yaliteremka kinyumenyume, yakaongeza kasi, yakagongana na treni iliyokuwa ikifuata. Watu 80 walikufa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Tangu mwaka 1872 George Westinghouse wa Marekani alikuwa ametengeneza breki ya hewa inayojifunga yenyewe. Katika breki hiyo hewa iliyo ndani ya bomba ndiyo inayozuia breki zisikamate. Bomba likikatika na hewa ikatoka, breki za kila behewa hukamata bila kuamriwa na mtu. Mwaka uleule wa 1889 Bunge la Uingereza likazilazimisha kampuni zote za reli kuweka breki za aina ya kujifunga katika treni za abiria.

Mwaka uleule wa 1872 Mmarekani mwingine, William Robinson, aliitumia hekima hiyohiyo katika ishara. Alipitisha umeme mdogo katika reli za kipande kimoja cha njia. Umeme huo uliingia kwa reli moja na kurudi kwa reli ya pili, ukiishika swichi ya sumaku iliyo mwishoni. Treni inapoingia, magurudumu yake ya chuma huziunganisha reli mbili, umeme hukatiza njia na haufiki kwenye swichi, swichi huachia, na ishara ya hatari huonekana. Uzuri wake ni kwamba reli ikivunjika, waya ukikatika au betri ikiisha, swichi huachia vilevile. Mfumo haukusubiri kuambiwa kwamba kuna hatari. Ulisubiri kuhakikishiwa kwamba kuna salama, na pasipo uhakika uliamuru treni isimame.

Kanuni hii ndiyo msingi wa treni zote za kujiendesha: usipojua, simama. Hata mpini wa dereva wa treni ya umeme ulitengenezwa kwa kanuni hiyo. Akizimia au kufa akauachia, umeme wa mota hukatika na breki hufunga.

Kutoka vitufe viwili hadi kiti kitupu

Katika miaka ya 1960 vipande hivi viliunganishwa. Japani ilifungua njia ya Shinkansen baina ya Tokyo na Osaka mwaka 1964, kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Katika mwendo huo jicho la binadamu haliwezi kutegemewa kusoma taa zilizo kando ya njia, kwa hiyo kasi inayoruhusiwa huonyeshwa mbele ya dereva, naye akiizidisha mashine hupunguza yenyewe. Tangu siku hiyo hakuna abiria aliyekufa katika Shinkansen kwa treni kugongana au kuacha reli.

New York ilikuwa imejaribu treni ya kujiendesha tangu mwaka 1962 katika njia fupi ya katikati ya jiji. Chama cha wafanyakazi kilitaka dereva aendelee kukaa ndani, naye akakaa bila kugusa kitu. Jaribio hilo lilikomeshwa na moto mwaka 1964.

London ikaifungua njia ya Victoria mwaka 1968. Mwendeshaji hufunga milango, hubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kazi iliyobaki ni ya treni. Katika mfumo wake wa awali reli zilipeleka mapigo ya umeme. Mapigo 420 kwa dakika yaliruhusu mwendo kamili, na mapigo 270 au 180 yaliamuru mwendo wa chini. Mapigo yakikosekana kabisa breki za dharura zilifunga. Msomaji ataitambua hapa kanuni ileile ya Robinson, kwamba ukimya maana yake ni hatari.

Hatua ya mwisho ilifikiwa Kobe, Japani, mwaka 1981, na Lille, Ufaransa, mwaka 1983. Huko treni za abiria zilianza kwenda bila mfanyakazi yeyote ndani. Ukingo wa stesheni uliwekewa ukuta wenye milango inayofunguka pale tu treni inapowasili, ili mtu asianguke njiani, kwa kuwa hakuna tena dereva wa kumwona.

Leo wataalamu huzigawa treni hizi katika madaraja manne. Katika daraja la kwanza dereva anaendesha na mashine inamlinda asikosee. Katika la pili treni inajiendesha, lakini yuko mtu mbele anayefunga milango na kuruhusu safari, kama katika njia ya Victoria. Katika la tatu hakuna dereva, ila yuko mhudumu miongoni mwa abiria, kama ilivyo katika reli nyepesi ya Docklands huko London tangu 1987. La nne ni lile la kiti kitupu. Dubai iliingia moja kwa moja katika daraja hilo mwaka 2009. Paris nayo iliigeuza njia yake ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 1900, ikawa ya kujiendesha kufikia mwisho wa 2012, na madereva wake wakapangiwa kazi nyingine ndani ya shirika. Jambo hilo la mwisho si dogo. Mashine inayookoa roho za abiria haina haja ya kuvunja nyumba za wafanyakazi, iwapo wenye mamlaka watakaa nao mapema na kuzungumza.

Siku mashine iliposema uongo

Je, tumefika salama? Historia inatukataza kusema hivyo kwa haraka.

Tarehe 22 Juni 2009, jioni, treni ya jiji la Washington ilisimama katika Njia Nyekundu karibu na stesheni ya Fort Totten. Njia hiyo iliendeshwa kwa mfumo wa kujiendesha tangu miaka ya 1970. Treni ya nyuma yake iliamriwa na mfumo iendelee kwa kasi kamili, kwa sababu kwa mujibu wa mfumo hapakuwa na kitu mbele. Mwendeshaji alipoiona treni iliyosimama alivuta breki ya dharura, lakini umbali ulikuwa umekwisha. Watu tisa walikufa, mwendeshaji huyo akiwa mmoja wao.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza na kukuta kwamba kifaa cha kutambua treni katika kipande kile cha njia kilikuwa kikitoa mtetemo wa umeme usiotakiwa. Mtetemo huo ulikifikia kipokezi kwa njia ya pembeni, kipokezi kikaudhani kuwa umeme wa reli, kikatoa habari kwamba njia ni tupu. Sehemu ya kifaa ilikuwa imebadilishwa siku tano kabla. Treni zilizopita katika siku hizo zilipotea machoni mwa mfumo kwa muda mfupi, lakini zilivuka kwa mwendo wake bila kusimama. Siku ile moja ilisimama.

Lakini bodi haikuishia kwenye kifaa. Ilikuta kwamba mwaka 2005, katika njia nyingine ya shirika hilohilo, treni nusura zigongane kwa kasoro ya namna hiyo. Mafundi wakatunga utaratibu bora wa kujaribu vifaa baada ya kuvibadilisha. Utaratibu ukaandikwa, kisha haukuenezwa wala kufuatwa. Miaka minne baadaye mafundi waliofanya kazi katika kipande kile cha njia hawakuutumia.

Hapa ndipo tunapoona amana ilikohamia. Mwendeshaji aliyekuwa mbele hakuwa na kosa, na mashine haiwezi kuwa na kosa kwa sababu haina dhamana. Amana ilikuwa mezani kwa aliyepokea ripoti ya 2005, na mkononi kwa aliyepaswa kuwafundisha mafundi.

Hofu ya kijana wa miaka 23

Upo pia upande mwingine wa jambo hili. Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki, Japani, dereva wa miaka 23 alipitiliza stesheni, akalazimika kurudi nyuma, akachelewa kwa sekunde 90 hivi. Aliiingiza treni katika kona inayotaka mwendo wa kilomita 70 kwa saa ikiwa na mwendo wa kilomita 116. Mabehewa yaliacha reli, yakajibamiza kwenye jengo la makazi. Watu 107 walikufa, naye akiwamo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kampuni yake iliwapeleka madereva waliokosea kwenye mafunzo ya adhabu yaliyowadhalilisha, naye aliwahi kuyapitia. Muda mfupi kabla ya ajali alikuwa amemwomba mwenzake aliye nyuma apunguze katika taarifa umbali aliopitiliza. Mfumo mpya wa kuzuia mwendo mkali ulikuwa haujawekwa katika kona ile. Basi mtu alikosa mashine ya kumlinda, na juu ya hapo akatiwa hofu iliyomfanya afikirie adhabu badala ya reli. Nchi ileile iliyozijenga Shinkansen salama ndiyo iliyopata msiba huu. Ustadi wa mashine haukutosha pale mtu alipoogopa kusema kweli.

Kwetu sisi

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, baina ya Msagali na Igandu, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu elfu moja ilirudi nyuma kwenye mteremko bila breki kuikamata, ikashuka kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Zipo familia nchini ambazo tarehe hiyo haiwezi kupita kimya.

Msomaji amekwisha kuuona mfanano wake na Armagh: mlima, breki zisizoshika, mabehewa yanayorudi nyuma, na treni nyingine iliyo chini. Baina ya misiba hii miwili kuna miaka 113. Dunia ilikuwa imekwisha kuijua dawa ya msiba wa namna hiyo tangu babu wa babu zetu. Elimu ya kuokoa watu haitoshi kuwepo duniani. Lazima ifike kwenye karakana, ishikwe na fundi mwenye vipuri, na isimamiwe na mkubwa asiyeona haya kuizuia treni isiondoke.

Leo tuna njia mpya. Treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma hutumia umeme wa volti 25,000 na imejengwa kwa mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo, ambao humpa dereva ruhusa ya kwenda kwa njia ya redio na kufunga breki akizidisha kasi iliyoruhusiwa. Dereva yupo, na mashine inamlinda. Ni hatua kubwa, na wanaostahili shukrani washukuriwe. Lakini mashine hiyo ni mpya, na kila mashine mpya hufanya kazi vizuri. Mtihani wa kweli utakuja katika mwaka wa kumi na wa ishirini, pale vipuri vitakapoanza kuchakaa, waliojenga watakapokuwa wamerudi makwao, na bajeti ya ukaguzi itakapoonekana kuwa mahali rahisi pa kupunguzia. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wameiona reli, lakini waliizungumzia.

Kwa hiyo tunadhani abiria na wazazi wana haki ya kuuliza maswali machache, wala kuuliza si utovu wa adabu. Kifaa cha usalama kinapobadilishwa, kinajaribiwa kabla ya treni ya abiria kupita? Fundi au dereva anayeripoti kasoro, au kosa lake mwenyewe, husikilizwa au huadhibiwa? Ajali iliyonusurika huandikwa na kufunzwa kwa wote, au hufunikwa kwa kuwa hakuna aliyekufa? Na uchunguzi unapokamilika, wananchi husomewa matokeo yake? Washington waliyakosa majibu ya swali la kwanza na la tatu, Amagasaki wakalikosa la pili, na watu walilipa.

Vijana wetu wanaosoma ufundi na uhandisi nao wana neno la kusikia hapa. Katika miaka ijayo, wengi wanaoziendesha treni hawatakaa mbele ya kioo. Watakaa karakani na vipimo mkononi, mbele ya kompyuta wakiandika programu, au ofisini wakitia saini karatasi ya ukaguzi. Abiria hatawajua wala hatawashukuru. Saini moja iliyowekwa bila kukagua yaweza kuwa nzito kuliko treni yenyewe, na itasomwa hapa duniani na mchunguzi, na kesho mbele ya Yule asiyefichwa kitu.